Mashine iliyotupwa si maiti, lakini isirudi kazini kuua mtu

Katika karakana nyingi za Goma, kutoka Birere hadi Ndosho, hakukosi kona ya mashine zilizokufa. Hapo hulala mashine ya diski iliyonyamaza ghafla, mashine ya kutoboa iliyotoa moshi, na randa ya umeme ambayo waya wake umekatwa ukapelekwa kwingine. Fundi akichoka kuziangalia, humwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mitraye. Mzigo hupimwa kwa kilo, franka chache hutolewa, na jioni moteri hutupwa motoni ili utando unaofunika waya uungue na shaba ibaki peke yake. Chombo kilichoweza kulisha nyumba kwa miaka kinakuwa unga wa siku mbili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi mashine hiyo haikuwa imekufa. Ilikosa kitu kidogo tu: waya uliokatika ndani ya ganda, swichi iliyojaa vumbi, au makaa ya moteri, yale ambayo madukani huitwa sharbo, yaliyokwisha kama penseli ya mtoto wa shule. Kuitupa mashine ya namna hiyo ni hasara kwa mji. Lakini kuna kosa lingine kubwa zaidi, nalo halisemwi vya kutosha: kuitengeneza ovyo, kuifunga kwa utepe wa plastiki na kumuuzia kijana ambaye kesho yake kuranti itamrusha chini. Mambo haya mawili yazungumzwe pamoja. Anayehubiri ukarabati bila kutaja hatari anadanganya watu, na anayetaja hatari peke yake anawafungia maskini mlango.

Kwa nini linagusa familia zilizohama

Mtu anapokimbia vita habebi karakana yake. Hubeba mtoto, godoro, sufuria na kilicho karibu. Maseremala na wachomea vyuma wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo waliofika Goma katika miaka hii ya vita walifika na mikono yao na ujuzi wao, vifaa vikabaki nyuma na vingi viliporwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya mapigano kufika ndani ya mji wa Goma, kambi kubwa zilizouzunguka, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilibaki tupu. Wako waliorudi vijijini wakakuta nyumba hazina milango wala mabati. Wengine walibaki kwa ndugu na kwa familia zilizowapokea, watu wengi chini ya paa moja.

Kila nyumba inayosimamishwa upya inahitaji mbao zilizopigwa randa, bawaba, madirisha ya chuma na kufuli. Maana yake kazi ipo. Kinachokosekana ni chombo. Na tangu Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango yake, pesa taslimu ikawa ngumu kuonekana. Katika hali hiyo, kumwambia baba mwenye watoto watano aende dukani anunue mashine mpya ni kama kumwambia mwenye kiu angojee mvua. Kwake yeye mashine iliyotupwa ndiyo mlango pekee uliobaki wazi. Swali ni kama mlango huo unampeleka kazini au hospitalini.

Tena yafaa kukumbuka shaba hiyo inatoka wapi. Ndani ya kila moteri kuna waya wa shaba, na nchi hii ni kati ya zile zinazochimba shaba nyingi zaidi duniani. Katanga iliwahi hata kuitwa jimbo la Shaba, wakati wa Mobutu. Betri za mashine zisizo na waya nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Madini yanaondoka kama mawe, yanarudi kama mashine ya okazyo iliyokwisha kutumika Ulaya, kisha tunda la mwisho linachomwa kwa moto wa matairi kando ya barabara, mbele ya watoto wanaovuta ule moshi. Watu wanaotengeneza mashine badala ya kuichoma wanabakiza angalau sehemu ndogo ya mali hiyo nyumbani.

Ugonjwa hutafutwa kwa mpango

Fundi mzuri hatambuliwi kwa wingi wa bisibisi zake. Anatambulika kwa kutokurupuka. Mashine ikinyamaza, wengi huifungua mara moja, wanatoa kila kitu, na mwisho hawajui skrubu gani ilikaa wapi. Njia ya kweli huanzia nje kuelekea ndani, kutoka jambo rahisi kwenda gumu, na fishi ikiwa imetolewa ukutani tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo la kwanza ni kusoma kibandiko. Kongo inatumia volti 220. Mashine iliyotoka Ulaya na kuandikwa 220 au 230 au 240 haina neno. Lakini katika mizigo ya okazyo huingia mashine za Marekani zilizotengenezwa kwa volti 120, na zile za Uingereza zenye fishi ya rangi ya manjano, ambazo ni za volti 110 kwa ajili ya kazi za ujenzi. Mtu akikata fishi hiyo akaweka nyingine na kuchomeka katika prizi ya Goma, mashine huunguruma kwa nguvu ya ajabu kwa muda mfupi, kisha inatoa moshi na kazi imekwisha. Mashine nyingi zilizouawa mjini hazikuwa na ugonjwa wowote, ziliuawa na mtu ambaye hakusoma.

Jambo la pili ni macho, pua na mkono. Mashine inazunguka ukiigeuza kwa mkono, au imekwama? Ikikwama, huenda ni beringi, si umeme. Inanuka kuungua? Ganda limeyeyuka mahali? Harufu kali ya rangi iliyoungua ni dalili ya bobini kuteketea, na hapo matumaini hupungua.

Jambo la tatu ni waya wa nje. Hapa ndipo ugonjwa hujificha mara nyingi, hasa pale waya unapoingia katika mpini, kwa sababu hapo unapindwa mamia ya mara kila siku. Ganda la nje linaonekana zima, kumbe shaba ya ndani imekatika. Mashine ikiwaka ukiupinda waya upande mmoja na kuzima ukiupinda upande mwingine, jibu limepatikana, ila hilo ni jambo la kukumbuka kutoka siku ya mwisho mashine ilipofanya kazi. Si la kujaribu kwa mkono mtupu wakati kuranti inapita. Mita ya kupima umeme, hata ile ndogo ya bei nafuu, inatosha kuonyesha kama njia ya kuranti imekatika. Asiye na mita anaweza kutumia betri ya tochi na balbu yake ndogo: balbu ikiwaka, waya ni mzima. Volti za betri ya tochi haziui mtu.

Jambo la nne ni swichi. Vumbi la chuma na la mbao huingia ndani, nalo lile vumbi jeusi la lava la Goma halisamehe. Swichi ikibonyezwa mita lazima ionyeshe njia, ikiachiliwa njia lazima ikatike. Ikishindwa mojawapo, dawa ni kuisafisha au kuibadilisha.

Jambo la tano ni makaa. Ni vipande viwili vinavyosukumwa na springi ili viguse duara la shaba lililo kwenye rota. Yakibaki na urefu wa milimita 5 hivi, springi haina tena nguvu ya kuyasukuma, na moteri inanyamaza au inafanya kazi kwa kusitasita. Yanabadilishwa yote mawili pamoja, yenye kipimo sawa na yale ya zamani. Kisha mashine inaachwa izunguke bila kazi kwa dakika kadhaa ili makaa mapya yajichonge kufuata duara.

Hapa kuna desturi moja ya mtaani inayohitaji kusemwa waziwazi. Wako wanaovunja betri kubwa za redio zilizokwisha, wanatoa ile fimbo nyeusi ya katikati na kuichonga iwe makaa ya moteri. Ni akili ya watu waliokosa, na kama njia ya kumalizia siku inaeleweka. Lakini fimbo hiyo haikutengenezwa kwa kazi ya kusuguana. Inakula duara la shaba, inatoa cheche nyingi, na baada ya muda makaa yaliyokosekana yanakuwa rota iliyokosekana. Fundi anayeuza mashine yenye makaa ya namna hiyo bila kumwambia mnunuzi anamwibia.

Jambo la sita ni duara lenyewe na bobini. Cheche chache za bluu chini ya makaa ni kawaida. Lakini cheche zikizunguka duara lote kama pete ya moto, kuna bobini iliyogusana ndani. Duara lililochafuka husafishwa kwa msasa laini wa mbao, si kwa ule wa chuma ambao chembe zake zinaweza kupitisha kuranti na kubaki katikati ya vipande vya shaba. Hata redio ya jirani inaweza kutoa ushahidi: moteri yenye cheche nyingi huifanya ikorome wakati wa habari. Mama wa nyumba ya pili anapolalamika kwamba sauti ya mtangazaji inapotea kila karakana inapoanza kazi, anampa fundi habari ya bure kuhusu afya ya mashine yake.

Jambo la saba ndilo linalorukwa na wengi, nalo ndilo linalookoa uhai. Kabla ya kuirudisha mashine katika kuranti, mita iwekwe kati ya kila mguu wa fishi na kila sehemu ya chuma ambayo mkono unaweza kugusa, swichi ikiwa imebonyezwa. Hapo haitakiwi kuonekana njia yoyote. Ikionekana hata kidogo, mashine hiyo inauma. Haiuzwi, haiazimwi, haijaribiwi mara moja tu ili kuona.

Mwisho, kuranti ya kwanza isipewe mashine kavu kavu. Mafundi wazoefu huweka balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile yenye uzi ndani na si ya LED, katika njia moja ya waya ili kuranti ipite kwake kabla ya kufika kwenye mashine. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote hata kabla ya swichi kubonyezwa, nyaya zimegusana mahali, na kilichotokea ni mwanga tu badala ya mlipuko. Jaribio hili ni la fundi aliyefundishwa, juu ya meza kavu, viungo vyote vikiwa vimefunikwa. Si mchezo wa watoto wa kambini.

Ukarabati unaoua

Baada ya kusema jinsi mashine inavyofufuliwa, yafaa kutaja mambo matatu yanayofanyika kila siku na ambayo hayastahili jina la ukarabati.

La kwanza ni kuondoa swichi iliyoharibika na kuunganisha nyaya moja kwa moja, ili mashine iwake pale tu fishi inapochomekwa. Katika mji wenye delestaji, huo ni mtego. Kuranti inakatika katikati ya kazi, kijana anaiweka mashine juu ya meza au anaiacha miguuni, anatoka nje kununua sambusa. Kuranti inarudi bila kupiga hodi. Mashine inaamka, diski yake ikizunguka zaidi ya mara 10.000 kwa dakika, na inaruka kuelekea yeyote aliye karibu. Mtoto anayelala kwenye kona ya karakana hajui delestaji ni nini.

La pili ni waya wa ardhi. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina kinga maradufu na inaendeshwa kwa nyaya mbili tu. Lakini ile isiyokuwa na alama hiyo ina waya wa tatu, wa kijani na manjano, na watu huukata kwa sababu prizi yao haina mahali pake. Goma ina shida yake ya pekee: sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe makavu ya lava hayapokei kuranti vizuri. Nondo iliyopigwa nyundo ikaingia nusu mita katika jiwe si ardhi ya kutegemea. Ndiyo maana kinga ya dijonkteri inayokata pale kuranti inapovuja, ile ya miliampere 30, ina maana kubwa zaidi hapa kuliko mahali penye udongo mzito. Karakana tano au sita zinazotumia mstari mmoja zinaweza kuchanga kununua moja. Haitoshi kusema mita ilikubali. Mita ndogo hutumia volti chache sana, na mashine iliyopita jaribio lake ikiwa kavu inaweza kuvuja ikipata joto au ikinyeshewa chini ya hema la plastiki lenye matundu.

La tatu ni kuondoa kofia ya kinga ili diski kubwa iingie katika mashine ndogo. Diski ya milimita 230 imetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi 6.600 hivi kwa dakika. Mashine ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu 11.000. Ukiweka ile kubwa juu ya ndogo, ukingo wa diski unakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, wakati iliumbwa kwa mita 80. Ikipasuka, kipande hakimuulizi mtu jina lake wala kabila lake. Na diski za kukatia zina tarehe ya mwisho, iliyoandikwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa kawaida miaka mitatu tangu zitengenezwe. Kofia iliyotupwa na diski iliyopitwa na wakati ndivyo vitu vya kwanza ambavyo mnunuzi anapaswa kutazama, kabla hata ya kuuliza bei.

Juu ya haya kuna ralonji. Mashine ya wati 900 inavuta kama ampere 4 katika volti 220, na ile ya wati 2.000 inavuta kama 9. Watu huziendesha kwa waya mwembamba wa taa, wenye urefu wa mita 40, ukiwa bado umeviringwa. Waya unapata joto, volti zinashuka kabla ya kufika, moteri inazunguka polepole, feni yake ya ndani haipulizi vya kutosha, na bobini zinaungua. Kisha fundi analaumu mashine. Kosa lilikuwa katika waya wa bei rahisi.

Wanaosema bora kununua mpya

Wako wenye hoja nyingine, na hawapaswi kudharauliwa. Wanasema mashine mpya za bei ya chini zimejaa sokoni, kwa hiyo kupoteza siku nzima juu ya mashine kuukuu ni upuuzi. Hoja hiyo ina ukweli upande mmoja: kama rota imeteketea na rota nyingine haipatikani, kuifunga upya bobini kunaweza kugharimu karibu sawa na mashine mpya, na hapo ni heri kuiacha na kutoa viungo vyake kwa ajili ya nyingine. Fundi mwaminifu husema hivyo bila kuona haya. Lakini hoja hiyo husahau kwamba mashine nyingi za bei ya chini zinazonunuliwa leo ndizo zitakazolala katika kona ya wafu baada ya miezi michache, na kwa ugonjwa ule ule wa makaa na waya. Asiyejifunza kutengeneza ya zamani atainunua mpya mara tatu.

Wengine wanasema kazi hii ni hatari, iachiwe mafundi wenye diploma. Ingekuwa vizuri kama wangekuwa wengi na kama maskini wangeweza kuwalipa. Ukweli ni kwamba kazi inafanyika tayari, kila siku, na vijana ambao hawajawahi kuonyeshwa mita. Kuwakataza hakutaizuia. Kutawasukuma tu wafanye kwa kujificha, usiku, kwa mwanga wa tochi. Kinachopunguza vifo ni kufundisha.

Na ujuzi huu hauishii kwenye mashine moja. Moteri yenye makaa na duara la shaba ndiyo ile ile iliyo katika mashine ya kutoboa, katika mashine ya kusagia juisi ya mama wa sokoni, na katika moteri ndogo ya cherehani. Binti aliyejifunza kupima waya na kubadilisha makaa katika mashine ya diski anaweza kesho kumwokoa mshonaji ambaye cherehani yake imesimama wiki ya sikukuu. Si lazima kazi hii iitwe ya wanaume. Mita haiulizi.

Kinachotakiwa kwa kila upande

Kwa wauzaji wa vitu vya okazyo, jambo ni moja. Jibu la kila siku, "Iko muzima, mukubwa, ni kuranti tu ilikosekana," halitoshi. Mwenye kuuza aruhusu mashine ipimwe mbele ya mnunuzi, na iliyo mbovu iuzwe kama mbovu, kwa bei ya mbovu. Hakuna aibu kuuza kitu kilichokufa ikiwa jina lake limetajwa.

Kwa mnunuzi, hasa yule aliyehama na ambaye pesa aliyo nayo ni ya mwisho: asinunue usiku, asinunue mahali pasipo na kuranti ya kujaribia, asinunue mashine isiyo na kofia. Asome volti. Aulize makaa yake yanapatikana duka gani. Mashine nzuri isiyopata makaa mjini ni jiwe zuri.

Kwa mashirika ya kiutu yanayowapa vijana mafunzo na sanduku la vifaa vya kuanzia kazi, lipo ombi ambalo lingeleta tofauti bila kuongeza mzigo mkubwa. Sanduku likiwa na mashine mpya lakini halina makaa ya akiba, wala waya wa kubadilishia, wala mita, limejaa nusu. Siku ya kugawa, picha zinapigwa na kila mtu anafurahi. Miezi michache baadaye mashine inasimama kwa kitu kinacholingana na ukubwa wa kidole, na kijana anarudi kubeba mizigo. Mashine za kutoa zichaguliwe kati ya zile ambazo viungo vyake vinauzwa tayari Goma, si kati ya zile zilizo nafuu tu katika karatasi za ununuzi. Na katika kila mafunzo ya useremala au uchomeaji, siku mbili za kutafuta ugonjwa wa mashine zingefaa kuliko hotuba ndefu za kufunga.

Kwa vituo vya ufundi, mji haukosi. INPP ipo kwa kazi hiyo ya kuandaa wafanyakazi, na Don Bosco ya Ngangi inajulikana na kila familia iliyowahi kukimbilia huko. Nyumba kama hizi zingeweza kuweka meza ya kupimia, wazi siku moja kila wiki, ambapo mwenye mashine anaipitisha kabla ya kuirudisha kazini au kuiuza. Meza kavu, mita nzuri, balbu ya majaribio, dijonkteri ya miliampere 30 na fundi mzee mwenye subira. Vitu hivyo haviombi mkutano wa mabalozi.

Viongozi wa mitaa nao wana sehemu yao, ndogo lakini ya maana. Moto wa kuchomea nyaya kando ya nyumba za watu unaweza kukatazwa leo, kwa sababu moshi ule ni sumu kwa watoto. Na karakana ambayo nyaya zake zinapita barabarani katika maji ya mvua, mahali wanafunzi wanapopita, haihitaji sheria mpya ili iambiwe izinyanyue.

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Vita imezichukua nyumba, mashamba na akiba za watu wengi wa Kivu ya Kaskazini, na hakuna mashine ya diski itakayorudisha vyote. Lakini mlango mmoja uliotengenezwa unafunga nyumba moja, na nyumba iliyofungwa humwezesha mama kulala. Mashine iliyo katika kona ya wafu ipimwe kabla ya kuhukumiwa. Ikiwa inaweza kupona, itengenezwe kama itakavyoshikwa na mtoto wa fundi mwenyewe. Na ikiwa inauma, ivunjwe mbele ya wateja, ili yeyote asije akaiokota tena.